Kiti cha Diwani Kikiwa Wazi: Kukosoa Mazoea Yetu

Sisi makada tunayo lugha yetu, na mara nyingi lugha hiyo hutusaliti kabla ya vitendo vyetu. Diwani akifariki dunia, au akijiuzulu, au akipoteza sifa kwa mujibu wa sheria, neno la kwanza linalosikika katika ofisi ya kata ni hili: nafasi ijazwe. Mtu hujaza debe, hujaza fomu, hujaza shimo la barabarani mvua zikiisha. Kitu kinachojazwa hakina kauli. Kinamsubiri mwenye kukijaza. Makala hii inakusudia kuhakiki mazoea yaliyojificha ndani ya neno hilo, maana namna tunavyokitazama kiti kikiwa wazi ndiyo inayofichua jinsi tulivyokuwa tukikitazama kilipokuwa na mtu.

Swali lililoulizwa Ipole

Mwezi Julai 2023 nilikuwa Ipole nikiendesha darasa la itikadi kwa viongozi wa matawi. Ipole ni kata ya Wilaya ya Sikonge, kusini ya Tabora, mahali ambapo barabara itokayo mjini inagawanyika, moja ikielekea Mpanda na nyingine ikishika njia ya Rungwa hadi Mbeya. Ni nchi ya miombo, ya mizinga na tumbaku, na ipo huko jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayobeba jina la Ipole. Tarehe 13 ya mwezi huo kata 14 za Tanzania Bara zilipiga kura siku moja kuchagua madiwani katika uchaguzi mdogo. Mbili kati yake zilikuwa za Mkoa wa Tabora: Kalola ya Uyui, na Ngoywa, kata ya Sikonge hiyohiyo. Kwa hiyo darasa, ambalo lilikuwa limepangwa kuzungumzia muundo wa Chama, liligeuka lenyewe likawa darasa la uchaguzi mdogo.

Mzee mmoja, mrina asali, alinyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "wenzetu wa Ngoywa leo wanapata diwani. Haya, ni jambo jema. Lakini tangu kiti kilipokuwa wazi mpaka leo, aliyekuwa akiwasemea pale Sikonge ni nani?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa. Nikaeleza kwamba taarifa ya kiti kuwa wazi hutoka katika halmashauri ikapanda hadi kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa. Kwamba Waziri huiarifu Tume ya Uchaguzi. Kwamba Tume hutangaza ratiba ya uteuzi, kampeni na siku ya kupiga kura. Nikataja na Sheria ya Uchaguzi wa Serikali za Mitaa, Sura ya 292, iliyokuwa ikitumika wakati ule, kabla Bunge halijaunganisha mambo hayo katika Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya mwaka 2024. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, umenionyesha njia iliyopita barua. Mimi nimeuliza habari za mtu."

Darasa lilicheka, nami nikacheka nao kwa kujitetea. Lakini tangu siku ile sijaona ukosoaji wa mazoea yetu uliokuwa mfupi na mkali kuliko ule.

Njia ya barua na njia ya mtu

Tuanze na mambo yenyewe yalivyo. Diwani ana kazi mbili ambazo hazifanani. Katika kata yake yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wamo wenyeviti wa vijiji na ambayo katibu wake ni mtendaji wa kata. Katika wilaya yeye ni mjumbe wa Baraza la Halmashauri na wa kamati zake za kudumu. Kiti kikiwa wazi, kazi ya kwanza inaweza kushikizwa: wajumbe humchagua mmoja wao aendeshe kikao, muhtasari ukaandikwa, ugali ukaliwa, watu wakatawanyika. Lakini huyo mwenyekiti wa siku moja haingii katika Baraza. Hoja za kata hufika ukingoni mwa kata zikasimama hapo.

Baraza hukutana kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Basi kiti kikikaa wazi miezi sita, kata imekosa mikutano miwili ya kawaida. Na kama miezi hiyo imeangukia wakati wa kupitisha bajeti, kata imekosa mwaka mzima. Sehemu ya mapato ya halmashauri kama ya Sikonge hutokana na ushuru wa mazao. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3, jambo lililomfaa mkulima sokoni, lakini lililofanya kila shilingi iliyobaki katika halmashauri igombaniwe zaidi. Katika ugombeaji huo wa haki, wa kata hii kutaka zahanati imaliziwe na wa kata ile kutaka daraja kabla ya masika, kata isiyo na mjumbe hainyimwi kwa chuki. Inasahauliwa tu, tena na watu wema. Hali kadhalika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: vikundi vya kata isiyo na diwani vitaandika maombi yao kama wengine, ila hakuna atakayesimama katika Baraza kuuliza kwa nini hayajajibiwa.

Wapo watakaosema: mtendaji wa kata yupo. Ni kweli, yupo, na mara nyingi hufanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja. Lakini hapana budi makada watofautishe mtumishi na mwakilishi. Mtendaji ameajiriwa na anawajibika kwa mkurugenzi. Hawezi kujihoji mwenyewe, wala kumhoji bwana wake mbele ya Baraza. Kata inapoachwa mikononi mwake peke yake kwa miezi, hata akiwa malaika, kinachotawala ni ofisi. Huo ndio urasimu kwa maana yake halisi, na hauhitaji mtu mbaya ili uote mizizi.

Sasa tutazame ucheleweshaji. Chaguzi ndogo za madiwani haziendeshwi kata mojamoja. Viti hukusanywa, vikapigiwa kura kwa mafungu. Tarehe 26 Novemba 2017 zilikuwa kata 43. Tarehe 12 Agosti 2018 zilikuwa zaidi ya 70. Julai 2023 zilikuwa 14. Hoja ya gharama ina uzito, nami siikatai: karatasi za kura, wasimamizi, magari na ulinzi ni fedha ya umma, na nchi maskini haiwezi kuanzisha msafara mpya kila diwani anapofariki. Lakini matokeo yake ni kwamba kata iliyofiwa mapema inaisubiri iliyofiwa baadaye. Kisha siku yenyewe inapofika, kila kitu huenda mbio. Kampeni za Julai 2023 hazikufika wiki mbili. Miezi ya ukimya, halafu siku chache za vipaza sauti! Mwananchi aliyeachwa pasipo msemaji kwa muda wote huo anatakiwa afanye uamuzi kati ya mkutano na mkutano.

Somo la Unyanyembe

Makada wa Tabora hawana udhuru wa kutolielewa jambo hili, kwa sababu historia ya nchi yao imejaa viti vilivyojazwa na watu wengine. Baada ya kifo cha Fundikira wa kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1850, Unyanyembe ilitawaliwa na Mnywa Sele. Huyu alithubutu kutoza ushuru biashara ya wageni wa pwani waliokuwa wamekaa Kazeh na Kwihara. Wafanyabiashara hao hawakubisha hodi kwa wazee. Waliingia vitani, wakamfukuza mnamo mwaka 1860, na Mkasiwa akawekwa mahali pake. Mnywa Sele akawa mtu wa porini, akizisumbua njia za misafara kwa miaka. Kiti kilikuwa na mtu, sherehe zilifanyika, mila ilitajwa. Lakini aliyemweka mtu yule alikuwa mwenye bidhaa, na kila mpagazi aliyepita na jino la tembo begani alijua.

Mkoloni aliliendeleza jambo hilohilo kwa kalamu. Chini ya sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, mtemi alikuwa mtemi pale serikali ilipomtambua. Hata Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na desturi yake. Mwaka 1954 Chifu Kidaha Makwaia alipopelekwa katika Tume ya Kifalme iliyochunguza ardhi na watu wa Afrika Mashariki, Gavana alimteua Mwalimu Julius Nyerere kushika nafasi yake kwa muda. Mwaka 1957 aliteuliwa tena, na mwezi Desemba mwaka huohuo akajiuzulu, kwa kuona kwamba katika kiti kile hakuweza kuwafanyia lolote waliomtuma, na sababu zake akazieleza hadharani. Tuangalie tofauti: aliingia kwa barua ya Gavana, akatoka kwa maelezo kwa umma. Ni madiwani wangapi wa siku hizi waliojiuzulu ambao wamewahi kuitisha mkutano wa kata na kuwaeleza waliowachagua kwa nini wanaondoka?

Mwezi mmoja baadaye, Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulifanyika Tabora. Wajumbe walibishana kwa siku kadhaa kama Chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na ambamo haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu na kipato. Uamuzi wa Busara tunaufundisha kila mwaka kama ushindi wa mbinu, na ndivyo ulivyokuwa. Lakini wanafunzi wetu hawaambiwi vya kutosha kwamba mjadala ule ulikuwa juu ya kiti kabla ya kuwa juu ya jina. Viti hivi ni vya namna gani? Nani ana haki ya kuvitoa? Tukivikalia tutakuwa wa nani? Siku hizi kiti cha kata kikiwa wazi, jioni ya mazishi watu wanaanza kunong'ona majina.

Wala tusidhani kwamba baada ya Uhuru makosa yalikwisha. Mwaka 1972 tulizivunja halmashauri za wilaya kwa jina la Madaraka Mikoani, na hazikurudi mpaka mwaka 1984, kufuatia sheria za mwaka 1982. Kwa miaka hiyo kumi na zaidi kila kiti cha diwani wa wilaya kilikuwa wazi, na maofisa ndio waliokuwa na nguvu katika mipango ya wilaya, wakiamini kwa moyo safi kwamba wanawaletea wananchi maendeleo. Mwalimu mwenyewe alikiri baadaye, akiwa bado madarakani, kwamba kuzivunja Serikali za Mitaa lilikuwa kosa. Chama kilichoweza kukiri kosa kubwa kiasi hicho kinaweza kukubali kuhakikiwa juu ya dogo hili.

Kiti kama bidhaa

Kati ya mwaka 2016 na 2019 nchi yetu ilishuhudia jambo jipya. Madiwani wengi wa upinzani walijiuzulu na kuhamia Chama tawala, na maneno waliyoyatumia yalifanana kana kwamba yamepigwa chapa moja: wanaunga mkono juhudi. Kwa kuwa diwani huchaguliwa kwa tiketi ya chama, kuhama ni kuacha kiti. Viti vikawa wazi kwa makumi. Katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2017, Chama Cha Mapinduzi kilipata kata 42 kati ya 43. Katika ule wa Agosti 2018 kilipata zote, na katika baadhi ya kata mgombea alipita bila kupingwa.

Makada wengi walishangilia. Mwandishi wa makala hii alikuwa mmoja wao, na haoni sababu ya kuficha. Lakini furaha ikipoa, mtu aliyefunzwa siasa lazima aulize maswali ya kisiasa. Mwananchi aliyempigia kura mtu mwaka 2015, akaona kura hiyo imetembea na mtu huyo kwenda upande mwingine, amejifunza nini juu ya kura? Ameelimishwa au amekatishwa tamaa? Na huyo aliyehama, ambaye pengine alirudi kugombea kiti kilekile alichokiacha mwenyewe, amekuja kwa itikadi au kwa kutazama upepo? Ushindi wa namna hiyo huongeza idadi ya viti na kupunguza idadi ya watu wanaoona kwamba viti hivyo vinawahusu. Kule Igunga, mkoani humuhumu Tabora, katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Oktoba 2011 uliovuta magari, helikopta na viongozi wa kitaifa wa vyama vyote, waliopiga kura hawakufika theluthi moja ya waliojiandikisha.

Hapa ndipo mchujo wa ndani unapokuwa na uzito ambao hatutaki kuutaja. Katika kata nyingi za mashambani za mikoa kama Tabora, kura za maoni za Chama pamoja na vikao vya wilaya na mkoa vinavyofuata ndivyo vinavyomtoa diwani. Siku ya uchaguzi ni ya kuthibitisha tu. Mgombea huwakabili wajumbe mia kadhaa, si maelfu ya wakazi. Wajumbe mia kadhaa wanaweza kukirimiwa, na tusijifanye hatujui. Mwaka 1965, ndani ya mfumo wa chama kimoja, TANU iliweka wagombea wawili katika majimbo, mmoja wa jembe na mmoja wa nyumba, na wananchi wakamwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Chama hakikuanguka kwa hilo. Kwa hiyo sheria ya mwaka 2024, inayotaka mgombea pekee apigiwe kura ya ndiyo au hapana badala ya kupita bila kupingwa, haitupasi kuiona kama usumbufu. Ni jembe na nyumba kurudi kwa mlango mwingine. Kazi ya kada ni kuhakikisha kwamba mwananchi anaijua ile "hapana" na haogopi kuitumia.

Juu ya madiwani wanawake wa viti maalumu nitasema kwa ufupi, ingawa jambo lenyewe linastahili makala yake. Kiti cha namna hiyo kikiwa wazi hakuna uchaguzi wa wananchi kabisa: jina hutoka katika chama husika na Tume huteua. Viti hivi, ambavyo si chini ya theluthi, vimewaingiza katika mabaraza wanawake ambao mfumo dume usingewaruhusu kupita, na faida hiyo ni ya kweli. Lakini Ipole mama mmoja wa kikundi cha ufugaji nyuki aliniuliza anapokuwa na shida na diwani wa viti maalumu amshitaki wapi, nami nikamtajia ofisi ya Chama wilayani, kilometa nyingi kutoka kwenye mizinga yake.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu kuuondoa ugonjwa wa kusubiri kwa dawa ya sheria. Katiba yao ya mwaka 2010 inataka kiti cha ubunge wa jimbo kijazwe kwa uchaguzi mdogo ndani ya siku 90. Ni dawa nzuri. Lakini Tume yao ilipobaki bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, siku 90 zilipita na kupita tena. Jimbo la Banissa, lililofiwa na mbunge wake Machi 2023, lilipiga kura tarehe 27 Novemba 2025, siku moja na maeneo mengine zaidi ya 20, zikiwamo kata. Nayataja haya kwa sababu wapo wenzetu wanaodhani kwamba tukiandika idadi ya siku katika sheria basi tumemaliza. Idadi ya siku ingetusaidia, nami naiunga mkono. Ila yule mzee hakuuliza habari za siku.

Nini kifanyike

Tawi lisiloweza kuharakisha Tume linaweza kufanya mengine. Kiti kinapokuwa wazi, Kamati ya Maendeleo ya Kata iitishwe ndani ya wiki chache, si kwa ajili ya majina, bali kwa ajili ya hesabu: diwani aliyeondoka alikuwa amefikisha hoja zipi katika Baraza, zimefika wapi, ahadi zipi zimeandikwa katika bajeti na zipi zilisemwa jukwaani tu. Hesabu hiyo isomwe katika mkutano mkuu wa kila kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote watu wazima na si wa wanachama peke yao. Ikipatikana nakala, ibandikwe penye ubao wa matangazo. Diwani wa kata jirani aombwe rasmi kubeba hoja hizo katika Baraza mpaka mwenyewe apatikane. Hana haki ya kuiwakilisha kata ile, lakini hakuna anayemkataza kuisemea. Naye mgombea, wa chama chochote, atakapopanda jukwaani, akute wananchi wameishika karatasi hiyo mikononi.

Najua pingamizi litakalotoka katika ofisi zetu: kwamba hesabu kama hiyo itamwumbua marehemu, au itampa silaha mpinzani. Juu ya marehemu, adabu zetu zinatosha; watu wa Unyamwezi wanajua kumtaja mtu aliyekufa bila kumvua nguo. Juu ya mpinzani, kama silaha yake ni orodha ya mambo ambayo kata iliahidiwa haikupata, basi silaha hiyo tulimfulia sisi, na kuificha karatasi hakutaizima.

Siku ya mwisho ya darasa la Ipole niliwapa viongozi zoezi la dakika kumi. Kila mmoja aandike mambo matatu ambayo kata yake imeyapeleka katika Baraza la Halmashauri na hatua yaliyofikia. Wachache waliandika yote matatu. Mrina asali, ambaye hakuwa kiongozi bali mwanachama aliyekuja kusikiliza, aliandika manne. Mimi nilijaribu kwa upande wa kata ninayoishi, ambayo kiti chake hakikuwa wazi hata siku moja, nikaandika moja, na hatua liliyofikia sikuijua.